Mfanyakazi Ameharibu, Nani Atalipa? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Fidia Katika Biashara

Barua zilizofika mwezi huu kutoka mitaa ya Kenya, Katuba na Kampemba hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), na kutoka Kasumbalesa mpakani, zinafanana kwa jambo moja: hasara imetokea mahali pa kazi, na kila anayeulizwa anamnyooshea mwenzake kidole. Nimechagua tano. Majina ya watu na ya biashara tumeyaondoa, na kila msomaji akumbuke kwamba jibu la gazeti halichukui nafasi ya wakili aliyekaa na karatasi zako mezani.

Magodoro yameungua, mwenye atelie anasema hakuwepo

*Jambo Maître (wakili). Mimi ni mama, ninauza magodoro na mablanketi katika mtaa wa Kenya. Jirani yangu ana atelie ya kuchomelea milango ya chuma. Siku moja, wakati yeye amekwenda kula, kijana anayejifunza kazi kwake alikuwa akikata bomba karibu na ukuta wangu wa mabati. Cheche zilipenya, magodoro yakashika moto, na karibu nusu ya mali yangu ikaisha. Mwenye atelie anasema: “Mimi sikuwepo, wala sikumtuma akate pale. Mdai kijana, au wazazi wake.” Kijana ana miaka 19 na hana hata kuku. Nimdai nani?*

Mama, mdai mwenye atelie, na kijana pia usimwache nje ya madai. Wazazi waache nyumbani kwao, kwa sababu mtu wa miaka 19 ni mtu mzima mbele ya sheria yetu, na wazazi hujibu kwa ajili ya mtoto ambaye hajafikia utu uzima.

Sheria inayotuongoza hapa ni ya zamani kuliko mji wetu: ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba na wajibu, ambayo mawakili huiita Kitabu cha III cha Sheria ya Kiraia. Kifungu chake cha 258 kinasema kwa ufupi kwamba mtu yeyote ambaye kwa kosa lake amemletea mwenzake hasara anawajibika kuirekebisha. Kifungu cha 259 kinaongeza kwamba kosa si lazima liwe la makusudi, maana uzembe na kukosa hadhari vinatosha. Kukata chuma kwa moto kando ya ukuta wa mabati wenye matundu, bila kuweka hata karatasi ya bati ya kuzuia cheche, huku ukijua kwamba upande wa pili kuna sifongo na nguo, ni ukosefu wa hadhari ambao hakimu hatahitaji kuelezwa mara mbili.

Lakini kijana hana kitu, na hapo ndipo kifungu cha 260 kinapokuwa na maana kwako. Kinasema kwamba mtu hajibu tu kwa matendo yake mwenyewe. Anajibu pia kwa matendo ya watu walio chini yake na kwa vitu vilivyo katika ulinzi wake. Mabwana na waajiri wanajibu kwa hasara iliyoletwa na wafanyakazi wao katika kazi walizowapa. Mafundi wanajibu kwa hasara iliyoletwa na wanafunzi wao wa kazi wakati wako chini ya uangalizi wao. Unaweza kudhani kwamba mambo hayo mawili ni mamoja, lakini sivyo, na nadhani ugomvi wenu utakuwa hapo hasa. Fundi anayejibu kwa mwanafunzi wake ameachiwa mlango wa kutokea: anaweza kuthibitisha kwamba hakuweza kuzuia tendo lile. Mwajiri anayejibu kwa mfanyakazi wake hakupewa mlango huo. Basi usishangae mwenye atelie akirudia mara kumi kwamba kijana ni mwanafunzi tu.

Uliza basi mambo ya kawaida. Je, kijana analipwa kila Jumamosi? Anakuja saa moja asubuhi na kuondoka saa ya kufunga? Anatengeneza milango inayouzwa kwa wateja? Katika atelie zetu wapo “wanafunzi” wenye wake na watoto. Hakimu ataangalia nani alikuwa anaamuru na nani alikuwa anatii, bila kujali jina walilopeana. Hata ikiwa kijana ni mwanafunzi kweli, kwenda kula na kumwachia moto unaowaka bila mtu wa kumwangalia si utetezi. Kwa maoni yangu, ile sentensi ya “mimi sikuwepo” ndiyo ushahidi mzuri zaidi ulio nao, na ukipata mashahidi wawili waliomsikia akiisema, andika majina yao leo.

Sasa mzigo wako, maana anayedai ndiye anayethibitisha. Kabla hujafagia majivu, mwite wisie, yaani ofisa wa mahakama anayeandika ripoti ya hali aliyoiona kwa macho yake. Apige picha ya tundu la ukuta, ya masizi yanayoonyesha moto ulianzia upande gani, na ya mabaki ya magodoro, ayahesabu mbele ya mkubwa wa mtaa. Tafuta fakture (ankara) za ulikonunua mali na daftari la mauzo. Fakture zitaonyesha thamani ya mali iliyoungua. Daftari litaonyesha faida uliyoikosa siku ulizofunga, kwa sababu fidia hujaza vyote viwili, ulichopoteza na ulichokosa kupata. Usidai godoro lile lile mara mbili, kwa bei ya duka na tena kama faida iliyopotea. Nimeona kesi nzuri zikiharibika kwa tamaa ya namna hiyo.

Jitayarishe pia kwa swali moja gumu: magodoro yalikuwa yameegemezwa kwenye ukuta huo huo wa mabati, nawe unajua jirani anafanya kazi gani? Ikiwa ndivyo, hakimu anaweza kuona kwamba nawe ulichangia, akapunguza fidia. Haitafuta haki yako, lakini inaweza kukufanya ukubali mapatano. Mkipatana, yaandikeni, na kila malipo yawe na tarehe yake. Mkishindwa na wote wawili mmesajiliwa kama wafanyabiashara, wakili wako ataangalia kama shauri linafaa kupelekwa Mahakama ya Biashara, zile zilizoundwa kwa sheria ya tarehe 3 Julai 2001, ambamo pembeni ya hakimu wa kitaaluma hukaa watu wawili waliotoka katika biashara wenyewe. Watu hao wanajua bei ya godoro.

Shofere alichukua kamyoneti Jumapili

*Maître, nina depo ya simenti Kampemba, kamyoneti moja na shofere mmoja. Jumapili, bila kuniambia, alichukua gari akahamisha vyombo vya rafiki yake kwa malipo. Njiani aligonga meza ya dada anayeuza maunite (salio) ya simu, na dada akavunjika mguu. Familia yake imekuja kwangu. Mimi nilikuwa kanisani. Gari lina asiransi (bima). Je, hasara hii ni yangu?*

Ndugu, kanisa halitakusaidia hapa, lakini jibu la swali moja linaweza kukusaidia: ufunguo ulilala wapi Jumamosi usiku?

Kifungu cha 260 kinamfunga mwajiri kwa hasara iliyotokea “katika kazi” aliyompa mfanyakazi. Ukisoma maneno hayo haraka, utadhani kazi ya kando ya Jumapili iko nje kabisa. Waamuzi huwa hawasomi haraka hivyo. Wanatafuta kama kuna uzi unaounganisha tendo na kazi: gari ni la depo, na shofere alilipata kwa sababu tu ni shofere wako. Ikiwa ulimwachia ufunguo mfukoni tangu Jumamosi, na kila mtu katika barabara yenu anajua kwamba hulichukua gari siku za mapumziko, uzi huo ni mnene, na hata bila kifungu cha 260 unaweza kushtakiwa kwa uzembe wako mwenyewe chini ya kifungu cha 259. Ikiwa ufunguo ulikuwa kwenye kabati lililofungwa naye akalivunja, basi tunazungumza juu ya wizi, na msimamo wako ni tofauti sana. Toa taarifa polisi siku hiyo hiyo, maana taarifa ya wizi inayoandikwa baada ya ajali, na baada ya familia kufika mlangoni, haimshawishi mtu.

Asiransi uliyo nayo si hisani yako. Tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, kila mwenye gari analazimika kuwa na bima ya hasara anayoweza kuwaletea watu wengine. Kwa miaka mingi tuliijua kampuni moja tu ya serikali, SONAS, mpaka Sheria ya Bima ya tarehe 17 Machi 2015 ilipofungua soko kwa makampuni mengine, kwa hiyo soma vizuri mkataba wako ni wa nani na unasema nini juu ya mtu anayeendesha bila ruhusa. Ipelekee kampuni yako ya bima taarifa ya maandishi mara moja, na ikupe nakala yenye kashe (muhuri). Haya yote yasikuzuie kumlipia dada huyo hospitali. Ni jambo la utu, na gipsi haisubiri hukumu. Lakini karatasi ya malipo iandikwe kwamba ni msaada na si kukiri kosa, na usimwahidi mtu kiasi chochote kabla kampuni ya bima haijazungumza.

Mwendesha mashtaka anaweza kumpeleka shofere mbele ya mahakama ya makosa ya jinai kwa kujeruhi bila kukusudia, na dada anaweza kudai fidia katika kesi hiyo hiyo, nawe ukaitwa kama mwenye kuwajibika kwa pesa. Jela haitakufuata wewe, kwa kuwa kosa la jinai ni la aliyelitenda. Ukishalipa unaweza kumgeukia shofere, ingawa usianze kumkata mshahara unavyotaka: Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 ina mipaka yake juu ya makato.

Unga umelowa kati ya Kasumbalesa na Lubumbashi

*Sisi ni akina mama sita tunaonunua unga wa mahindi Zambia kwa pamoja. Safari ya mwisho turubai la lori lilikuwa limepasuka. Magunia ya juu yalionekana mazima, tukatia sahihi boni (hati) ya kupokea mzigo, lori likaondoka. Siku tatu baadaye tukagundua kwamba ya katikati yamelowa na yanatoa harufu. Mwanafunzi mmoja wa sheria ametuambia tufungue kesi kwa kifungu cha 258. Ni sawa?*

Mwanafunzi wenu ana moyo mzuri, akina mama, lakini amewaelekeza mlango usio wenu. Kifungu cha 258 ni cha watu wasio na mkataba kati yao, kama mama wa magodoro na jirani yake. Nyinyi mna mkataba na msafirishaji, na mkataba huo una sheria yake: Sheria ya Pamoja ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara) juu ya usafirishaji wa mizigo kwa barabara, iliyopitishwa mwaka 2003 na inayotumika kwetu tangu OHADA ilipoanza kufanya kazi nchini tarehe 12 Septemba 2012. Zambia si mwanachama, lakini hilo halibadili kitu, kwa kuwa inatosha nchi moja kati ya mbili iwe mwanachama.

Faida ya njia hii ni kwamba hamhitaji kuonyesha kosa la msafirishaji. Alipokea unga mkavu, ameleta unga uliolowa; ni kazi yake kueleza. Turubai lililopasuka ni mali yake, hivyo haliwezi kuwa kisingizio chake.

Ubaya wake ni kalenda. Hasara inayoonekana kwa macho lazima iandikwe kwa msafirishaji kufikia siku ya kwanza ya kazi baada ya kupokea mzigo. Hasara iliyojificha, kama yenu ya magunia ya katikati, ina siku 7. Mkikosa, mtachukuliwa kwamba mlipokea mzigo kama ulivyoelezwa kwenye barua ya usafiri, yaani hati ya mkataba wa kusafirisha mzigo, na itawabidi nyinyi kuthibitisha kinyume chake. Madai ya maandishi yafike kabla ya siku 60 tangu kupokea mzigo, na haki ya kwenda mahakamani inakufa baada ya mwaka 1, ambapo madeni ya kawaida ya kibiashara chini ya OHADA huishi miaka 5. Mliandika barua siku tatu baada ya kupokea, au mlipiga simu tu? Kama ni simu, na siku 7 hazijapita mnaposoma hapa, acheni gazeti mkaandike.

Kuna kikomo cha fidia ambacho wafanyabiashara wetu wengi hawakijui: faranga za CFA 5,000 kwa kila kilo ya mzigo, kama euro 7.6, isipokuwa thamani iwe imetajwa kwenye barua ya usafiri. Kwa unga hakiwaumizi, maana hakuna kilo ya unga inayofikia bei hiyo. Lakini anayepakia katoni ya kilo 10 yenye simu za mkononi bila kutaja thamani yake anaweza kujikuta anagombania euro 76 kwa mali ya maelfu. Mwambieni jirani yenu anayeleta simu.

“Nyumba haihusiki na vitu vilivyopotea”

*Nilipeleka kostimu (suti) ya harusi pressing, kwa mfua nguo, ikapotea. Wananionyesha ubao ukutani wenye maneno hayo: “Nyumba”, yaani biashara yao, haihusiki. Je, ubao unawalinda?*

Kidogo sana. Ulimkabidhi mtu nguo ili aifue na akurudishie, na kurudisha ndicho kiini cha makubaliano yenu. Ubao hauwezi kufuta kiini hicho. Masharti ya kupunguza wajibu yanawezekana kati ya watu waliokubaliana, lakini lazima uwe umeyajua na kuyakubali wakati wa kukabidhi, na hata hivyo hayamlindi mtu kwa udanganyifu wake au kwa uzembe mkubwa. Ubao ulio nyuma ya kaunta, juu ya pasi, ambao mteja anauona baada ya nguo kupotea, ni pambo. Leta tikiti uliyopewa na risiti ya ulikonunua kostimu, na ukubali kwamba kama uliivaa miaka kadhaa hutapata bei ya mpya.

Maji ya kiwanda katika bustani zetu

*Sisi ni walima mboga kando ya mto, nje kidogo ya Lubumbashi. Tangu mvua zianze, maji ya rangi ya kutu yanatoka kwenye mfereji wa kampuni moja ya madini na kuingia kwenye vitalu vyetu. Lengalenga na matembele yamekauka. Kampuni inasema ina vibali vyote na haikufanya kosa lolote. Sasa wanatugawia bahasha, kila mtu atie sahihi karatasi ya Kifaransa.*

Msitie sahihi. Hilo kwanza, na waambieni na wale waliokwisha kuchukua bahasha waombe nakala ya walichosaini, kwa sababu mapatano yaliyotiwa sahihi huwafunga waliosaini, na karatasi kama hiyo mara nyingi ina mstari wa mwisho unaosema kwamba umelipwa yote na hutadai tena.

Juu ya kosa, kampuni inajibu swali ambalo sheria haiulizi tena. Sheria ya Madini ya tarehe 11 Julai 2002 ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018, na kifungu cha 285 bis kilichoongezwa kinamtaka mwenye haki ya madini alipe hasara ambayo shughuli zake zimewaletea watu, mali na mazingira, hata kama hakuna kosa wala uzembe wowote. Anaweza kuepuka kwa njia moja, ya kuthibitisha kwamba hasara ilitoka kwenye sababu isiyohusiana na shughuli zake. Kibali kinampa ruhusa ya kufanya kazi. Hakimpi ruhusa ya kumwaga hasara kwenye vitalu vya watu. Na ikiwa itasema kwamba yenyewe ni kiwanda tu, haina haki ya madini, Sheria ya Mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 nayo inaweka wajibu bila kosa kwa yule ambaye shughuli zake zimeharibu mazingira au afya. Kwa mkulima wa lengalenga haya ni mabadiliko makubwa: chini ya kifungu cha 258 peke yake angelazimika kueleza kasoro ya kiufundi ndani ya ukuta asioruhusiwa hata kuusogelea.

Kilichobaki kwenu ni kuunganisha maji na mboga, na hapo ndipo kampuni itapigana. Itasema mto una maji ya wengi, ya karakana, ya mitaa ya juu, ya mvua yenyewe. Kwa hiyo chukueni maji sehemu tatu: juu ya mfereji, mdomoni mwa mfereji, na chini yake penye vitalu vyenu. Chupa ziwe safi, zifungwe na kutiwa alama mbele ya wisie na mkubwa wa kijiji, na saa iandikwe. Nusu ya kila sampuli ibaki kwenu. Chukueni na udongo wa kitalu kilichoharibika pamoja na wa kitalu ambacho maji hayakufika. Kwa kipimo chenyewe tafuteni maabara isiyofanya kazi kwa kampuni hiyo. Anzeni kwa kuuliza katika vitivo vya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Maji ya juu yakiwa safi na ya chini yakiwa machafu, maneno ya “mto una maji ya wengi” hayatafika mbali.

Kila mlimaji aandike hasara yake peke yake: upana wa vitalu, mboga gani, zilipandwa lini, na kawaida anauza kwa nani na kwa kiasi gani. Mnaweza kumweka wakili mmoja kwa wote na kugawana gharama, lakini fidia inahesabiwa mtu kwa mtu, na orodha ya jumla yenye majina arobaini na kiasi kimoja kwa kila jina ni rahisi kwa upande wa pili kuichana. Fanyeni hivi wiki hii, kwa kuwa mvua inazidi, na kila siku maji ya mfereji yanapochanganyika zaidi, kipimo chenu kinazidi kudhoofika.